Chokaa Iliyopotea Tanurini

Aghalabu mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi huendeshwa kwenye kumbi za makongamano, na mifano yake huchotwa kamusini. Mfano huu ulizuka kando ya tanuri la chokaa nje ya mji wa Kisumu mwaka 2006, na waliohusika hawakuwa na nadharia ya kuthibitisha. Walikuwa wakigombania magunia.

Tanuri lilikuwa mali ya washirika wawili. Mmoja, Mjaluo wa Koru, alitoa fedha na kuleta mawe ya chokaa kwa lori kutoka kwao. Wa pili alikuwa fundi wa Lamu aliyeoa Kisumu. Ujuzi wa moto aliurithi kwa wazee waliochoma matumbawe juu ya magogo ya mikoko. Lugha pekee waliyosikilizana kwayo ilikuwa Kiswahili.

Siku hiyo mawe yalipimwa kwa mara ya kwanza kabla ya kuchomwa: kilo 2,000. Chokaa ilipotoka ilijaza magunia 21 ya kilo 50. Mwenye mawe alitarajia 40. Hakutamka neno "mwizi". Alisema tu, "Fundi, jiwe halina miguu," na ikatosha. Fundi akajibu kwamba jiwe likiiva huwa jepesi, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa na hesabu, na aliyepata hasara hutaka hesabu.

Binti wa mwenye mawe alikuwa kidato cha tatu, darasa ambalo mtaala wa 8-4-4 uliwafikisha wanafunzi kwenye mada ya moli. Alifundishwa mada hiyo kwa Kiingereza, na alama zake hazikuwa za kujivunia. Angeweza kumweleza babake kwa Kijaluo, lakini mshukiwa asingeusikia utetezi wake mwenyewe. Ikambidi atafute maneno ya Kiswahili.

Alianza na jiwe. Ni kalisi, kaboni na oksijeni zilizoshikana, alisema. Kalisi ni sehemu 40, kaboni 12, na oksijeni, ambazo ni tatu za 16 kila moja, ni 48, jumla 100. Moto wa nyuzi 900 hivi za selsiasi hulivunja. Kalisi hubaki na oksijeni moja: 40 na 16, yaani 56. Kaboni huondoka na oksijeni mbili: 12 na 32, yaani 44.

"Hizo 44 ni hewa, Baba. Zilipaa na moshi."

Neno "tungamo" hakulijua. Alisema "uzito", na mhadhiri mkali angemsahihisha. Hata hivyo wazee walimwelewa. Kilo 100 za mawe hutoa 56 za chokaa. Basi 2,000 hutoa 1,120, ambazo ni magunia 22 na kilo 20.

"Na yaliyotoka ni 21," babake akasema. "Kilo 70 ziko wapi?"

Binti akanyamaza. Hesabu iliyomwondolea fundi lawama ya magunia 17 na zaidi, sasa ilimshtaki kwa moja na ushei, tena kwa ushahidi uliokubaliwa na pande zote.

Fundi aliinuka, akawaongoza hadi nyuma ya tanuri penye rundo la mawe aliyoyatenga. Yalikuwa meupe nje, lakini hayakuiva ndani.

"Haya sikuyatia guniani, mwanangu. Ukiyatia, chokaa ya watu huharibika."

Yakapimwa: kilo 120. Binti akayatoa katika zile 2,000, akazidisha upya kwa 56, akagawa kwa 100. Ikaja 1,052 na nukta kidogo. Kilo mbili hizo hakuna aliyeziulizia. Upepo wa ziwani ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe mbele ya macho yao.

"Na hiyo hewa," fundi akauliza, "ikishatoka ndiyo imekwenda?"

"Chokaa huirudisha, Ami. Ukiitia maji na kuipaka ukutani, huivuta hewa hiyohiyo polepole na kuyaachilia maji, hata ikawa jiwe tena. Zile 56 hurudi kuwa 100."

Fundi alicheka, akataja kuta za kwao Lamu. Mwenye mawe hakucheka. Alitaka kujua, ikiwa mnunuzi huongezewa 44 bure ukutani kwake, kwa nini bei ya gunia isipandishwe.