Mzigo wa Baiskeli Moja

Ukitoka Morogoro kwenda Ifakara, basi linaiacha barabara kuu pale Mikumi na kukata kushoto. Unavuka Mto Ruaha Mkuu huko Kidatu, unapita katika mashamba ya miwa, halafu kwa muda mrefu milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa kulia. Upande wa kushoto bonde linafunguka, tambarare tupu, mpaka macho yachoke.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, nami nilikuwa nakwenda kumtembelea wifi yangu. Mama mwenzangu, unajua tunavyosafiri. Nilikuwa na mikoba mitatu: vikombe dazeni moja, mapazia, unga wa ngano, na nguo ambazo sikuzivaa hata siku moja.

Nilimkuta wifi anahama. Katika Bonde la Kilombero jamaa nyingi zina nyumba mjini au kijijini, na kibanda shambani kwenye mpunga. Mvua zikianza, mama na watoto wadogo huhamia huko wakalime, wapalilie, kisha wafukuze ndege mpaka mavuno. Na mzigo wote unakwenda kwa baiskeli, chombo ambacho Ifakara bila hicho nadhani ingesimama.

Nikamtazama akipanga. Kitu cha kwanza hakikuwa jembe wala mbegu. Kilikuwa chandarua, kimekunjwa na kufungwa ndani ya nailoni kisilowe. Ndipo zikafuata mbegu, majembe, sufuria mbili, chumvi na kibiriti. Nikamletea vikombe vyangu. Akacheka.

"Wifi, wewe ndiye Martha hasa! Vikombe hivyo tutawanywesha nguruwe pori?"

Njiani akanieleza sababu. Shamba lao liko ng'ambo ya Mto Kilombero. Siku hizi kuna daraja, lililofunguliwa mwaka 2018, lakini yaliyompata yalitokea enzi za kivuko. Mwaka ule chandarua kilibaki mjini, juu ya kitanda kikubwa. Kilikuwa kipya, cheupe, naye alikionea huruma kwa moshi wa shambani. Mtoto wake wa miaka miwili akashikwa na homa, kisha degedege. Jirani mmoja akasema degedege si ya hospitali, wakapoteza nusu siku kwa dawa za majani. Walipofika kivukoni ilikuwa usiku, wakangoja hadi kupambazuke, mtoto amelegea mgongoni.

Aliongezewa damu, akapona. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma baiskeli mbele yetu, kijana mwenye sauti inayovunjika.

Nilisikiliza nikifikiria kabati langu la nyumbani, na vitu vizuri ninavyovitunza visichafuke.

Ifakara ina historia yake na chandarua. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Uswisi, alianzisha hapo maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 watafiti walianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina la Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wajawazito na mama wenye watoto chini ya miaka 5 walipewa kliniki hati za kupunguziwa bei. Hilo ndilo lililonipendeza: malaria humpata kila mtu, lakini nguvu ilielekezwa kwanza pale kifo kinapochukua zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, kutumia chandarua chenye dawa kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Mwaka 2004 utaratibu wa hati ukaanza kuenezwa nchi nzima. Hiki cha wifi alipewa kliniki bila malipo, alipokuwa na mimba ya binti yake mdogo.

Lakini chandarua kilichotundikwa tu hakimsaidii mtoto anayezunguka jikoni saa mbili usiku. Mbu wengine huanza kuuma mapema, watu wakiwa bado nje.

Tulifika jua likielekea kuzama. Kibanda kilikuwa kimeinama, paa linahitaji nyasi, magugu yamefika mlangoni. Mimi ningeanza na kufagia. Wifi alifunga kamba nne, akatundika chandarua, akakagua kama kuna tundu. Alikuta moja karibu na pindo, akalishona palepale kwa uzi mweusi. Tulipomaliza ugali akamwingiza binti ndani, akachomeka pindo chini ya mkeka pande zote.

Nami nikainuka nikaoshe sufuria.

"Ziache, wifi," akasema kutoka gizani. "Sufuria haziumwi homa."

Nikaziacha, nikaingia ndani ya chandarua nikalala ubavuni mwa mtoto. Vikombe vyangu vimo kabatini mwake mjini mpaka leo, bado vimefungwa kwa magazeti.