Wageni wa Angani Mtendeni

Watu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua, theluji inapoyeyuka. Sisi wa Tabora tunayo yetu pia, ila huja wakati wa jua kali. Septemba na Oktoba, vumbi likiwa limetanda na maji ya visima yamepungua, miombo iliyo nje ya mji huvaa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Siku hizo ndipo mbayuwayu hurejea mtaani kwetu Mtendeni. Jana nyaya zilikuwa tupu. Leo wamejipanga juu yake, migongo ya samawati iliyokoza, mikia yenye panda.

Nilipokuwa mtoto nilimwangusha mmoja kwa manati. Bibi alimweka kiganjani, akaniambia: "Mjukuu wangu, huyu hajala hata punje ya mtama wetu. Umempiga kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu. Leo najua kuwa ndege yule, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, hula wadudu wa angani tu, na kwamba hutoka Ulaya au Asia akivuka majangwa.

Mvua za Novemba zikianza, hufuata korongo weupe. Hao huinuliwa na hewa ya moto itokayo ardhini; na kwa kuwa juu ya bahari hewa hiyo ni dhaifu, huizunguka bahari kwa kupitia Bosporus, Sham na Sinai, kisha hufuata bonde la Nili. Mashambani hula panzi, nzige na viwavi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Zamani wenye elimu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Wengine walidhani hulala matopeni. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika shingoni, urefu wake karibu sentimita 80. Wakatambua alikotoka. Angalieni basi: Afrika alichomwa mkuki, akastahimili safari yote, akauawa alikorejea. Yumo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Tabora ilikua kwa wasafiri. Karne ya 19 misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa. Wako waliopokewa kwa heshima, na wako waliopitishwa wakiwa katika minyororo. Mji wetu, basi, wajua vyema kumtendea msafiri wema, na wajua pia kumdhulumu.

Aya ya 19 ya Suratul-Mulk yatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu. Enyi vijana, wekeni manati chini mtazame. Andikeni katika kalenda ya ukutani siku mbayuwayu wa kwanza alipofika, na siku ya mwisho alipoonekana, Machi au Aprili. Mwakani, Inshallah, mtakuwa na tarehe ya kumngojea mgeni wenu.