Matundu ya Ukutani

Ewe msomaji, ukishuka Voi saa nane ya mchana katika mwezi wa Februari, utajua kwa nini watu wa huko hupenda kivuli kuliko kiti. Jua huupiga udongo mwekundu, na udongo hulirudisha joto usoni mwako. Katika nchi ya namna hiyo nilitenda kosa ninalotaka kukusimulia.

Palikuwa na ukumbi wa mikutano karibu na kwetu, chini ya mlima wa Sagalla. Kuta zake zilikuwa za mawe, paa lake la mabati, na juu ya kila dirisha palikuwa na safu ya matundu madogo. Mabati yalikuwa yameota kutu, na sakafu imechimbika. Tulichanga fedha, tukaunda halmashauri ya matengenezo, nami nikawa karani wake. Mimi ndimi niliyependekeza matundu yazibwe. Yaliingiza popo na vumbi. Tena, nakiri, niliyaona ya kishamba. Mjomba wangu, mwashi wa zamani, aliniambia, "Mpwa wangu, aliyeyatoboa hakuwa mjinga." Nilicheka. Tukaziba, tukapiga lipu, tukapaka rangi nyeupe. Ukumbi ukang'aa kama sahani. Mkutano wa kwanza wa mchana haukudumu nusu saa. Hewa ya moto hupanda juu, nayo sasa ilikosa pa kutokea. Watu walitoka mmoja mmoja, wakaenda kuketi chini ya mwarobaini, wakaniacha na daftari langu.

Haukupita muda mrefu, safari ikanipeleka Nairobi, nikaingia katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Kazi ya kulijenga ilianza mwaka 1967, likafunguliwa Septemba 1973, mwezi ule ule Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalipofanya mkutano wao Nairobi. Walilibuni Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norwei, na David Mutiso, msanifu wa Kenya. Mnara wake una orofa 28, na kando yake pana ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka, ambalo wengine hulifananisha na nyumba ya msonge, na wengine na ua la yungiyungi lililofumba. Humo ndani nilikuta ukumbi uitwao Tsavo, jina la mbuga yetu. Na rangi ya mnara, naam, ni rangi ya udongo wa Voi, ule unaowafanya tembo wetu waitwe wekundu. Nilisimama uani kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Jumba lililopita miaka 50 halikosi maradhi. Maji yakipenya ufa wa zege huifikia nondo iliyomo. Nondo ikiota kutu huvimba, na zege hubanduka. Nyaya zilizotandazwa kabla ya zama za kompyuta hazitoshi, lifti huchoka, mgeni wa kiti cha magurudumu ataka njia isiyo na ngazi. Hayo yote hapana budi yatengenezwe. Wala kungoja si heshima: kule Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Lakini mtu akiufunika mnara ule kwa vioo vimetavyo, atabaki na jumba ambalo halitofautiani na maelfu mengine duniani. Huko Sydney, jumba la opera lililofunguliwa Oktoba 1973 lilifunga ukumbi wake mkuu wa muziki tangu 2020 hadi 2022. Mafundi wakarekebisha mwendo wa sauti ndani, na yale mapaa yake kama matanga yakabaki yalivyokuwa. Mafundi wale, nadhani, waliuliza kwanza kila kitu kiliwekwa kwa sababu gani. Mimi sikuuliza.

Niliporudi Voi nilipitia kwa mjomba kabla ya kufika kwangu. Hakusema neno, alitwaa tindo na nyundo, akatangulia. Tulizibua matundu ya upande wa mashariki siku ile, na ya magharibi kesho yake. Popo tuliwazuia kwa wavu wa waya.