Waya wa nne

Test zimepita, bumu limeisha, leo tuongee vitu vya kuchezea. Watu wa Historia na Kiswahili msinikimbie, mwishoni kuna lenu.

Sevo ni ile mota ndogo inayofungwa kwenye ndege za kuchezea na mikono ya roboti. Ile maarufu, SG90, ina uzito wa kama gramu 9 tu. Ina waya tatu: chanya, hasi na wa amri. Arduino inaipelekea mpigo wa umeme kila baada ya milisekunde 20. Kwa kawaida mpigo wa milisekunde 1 unaipeleka upande mmoja, wa milisekunde 2 upande wa pili, na wa 1.5 unaiweka katikati.

Sasa cheki kichekesho. Hakuna waya hata mmoja unaorudisha jibu! Kwenye programu kuna amri inaitwa read(). Ukiiita inakwambia nyuzi 90, unafurahi... kumbe imekurudishia namba ile ile uliyoituma wewe. Mkono unaweza kuwa umekwama kwenye nyuzi 40, au giya imekatika meno, yenyewe itasema 90 tu.

Na jibu limo humo humo ndani jamani. Fungua skrubu za chini utakuta mota, giya, kibao cha saketi na potenshiometa, ndugu yake kile kizungushio cha sauti cha redio. Inazunguka pamoja na mhimili, na volti za mguu wake wa katikati zinabadilika kufuata pembe. Kibao kinalinganisha volti hizo na amri, ndipo kinajua pa kusimama. Yaani sevo inajua fika iko wapi, ila hakuna anayeiuliza.

Dawa yake: lehemu waya wa nne kwenye mguu huo wa katikati, uchomeke kwenye A0 ya Arduino, hasi zote ziungane. Arduino Uno inazigeuza volti 0 hadi 5 kuwa namba 0 hadi 1023. Weka mkono kwenye nyuzi 0, andika namba. Peleka 180, andika tena. Tuseme umepata 100 na 460: basi kila nyuzi ni namba 2, na ukisoma 280 ujue uko kwenye 90. Si ndiyo y = mx + c ile ile wanayoiuliza wanafunzi, "mwalimu, hii itatusaidia nini?" Namba zikirukaruka, soma mara kumi utafute wastani.

Hata iliyoungua mota usitupe. Ondoa kibao na mota, miguu miwili ya pembeni ya potenshiometa ipe volti 5 na hasi, wa katikati upeleke A0. Tayari una kipima pembe. Ukifunga kijiti chenye boya, kinakuonyesha maji ya simtanki la shule yamefika wapi. Geji ya mafuta kwenye magari mengi inatumia ujanja huo huo.

Sasa lenu. Field inakaribia. Tutasimama mbele ya darasa la watoto 80 na kuuliza, "Mmeelewa?" Watajibu kwa pamoja, "Ndiyooo mwalimu!" Hiyo ndiyo read() yenyewe: tunarudishiwa tulichotuma. Sote tumekaa kwenye hayo madawati, tunajua ile ndiyo ilikuwa na maana kengele ilie tutoke. Yule aliyekwama kwenye 40 anaondoka na 40 yake mpaka siku ya mtihani wa taifa.

Mimi waya wangu wa nne utakuwa kikaratasi. Dakika tano za mwisho, swali moja, kila mtu ajibu peke yake. Kusahihisha 80 ni kazi, najua, ila afadhali nijue.

Mwenye sevo mbovu asitupe, anipitishie chumbani. Tuko pamoja!