Ruhusa ya Bustani

Msomaji mpenzi, kama umezaliwa mahali ambapo mtu hujenga atakavyo katika ua wa baba yake, yamkini utacheka ukisikia kwamba nilipata kungoja majuma saba ili mwanamke mmoja aruhusiwe kuweka tangi la maji katika bustani yake mwenyewe. Usione haya kucheka; mimi nilicheka kabla yako. Nilizaliwa Malakisi, upande wa Bungoma unaoelekea mpaka wa Uganda, na ua wa kwetu haukupata kuwa na mkaguzi ila mwenye nyumba na kuku wake.

Mwalimu huenda atumwako. Mwaka 2017 nilihamishwa kutoka nyanda za Mlima Elgon nikapelekwa Lamu, yaani kutoka upande mmoja wa Kenya hadi upande wa pili. Jina la mji huo lilikuwa limenitangulia nyumbani kwetu. Mnamo Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa walikusanyika Malakisi, polisi wakawapiga risasi, na watu 11 wakauawa. Kiongozi wa dini ile, Elijah Masinde, alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Bibi yangu aliyaona makundi ya watu yakipita siku ile, naye amesimama katika baraza ya nyumba yetu, nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati ambayo babu aliijenga alipokuwa kijana. Masinde alirudi baadaye, akaishi hata mwaka 1987. Walakini kwa bibi yangu Lamu ilibaki kuwa jina la kutajwa kwa sauti ya chini. Nilipoaga kwenda huko, mama yangu alinifungia mahindi ya kuchoma kana kwamba nakwenda kifungoni.

Kifungo changu kilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nakuomba uingie nami. Mlangoni pana daka, mahali pa kuketi na kuzungumza na mgeni asiyestahili bado kuingia ndani. Ukipita daka unakuta uwanja mdogo ulio wazi juu, ambao watu wa Lamu huuita kiwanda, ingawa hakuna kinachotengenezwa humo. Kisha huja vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Wembamba huo una sababu: dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari iliyo pana kuliko urefu wake. Katika ukuta wa ndani kabisa mna zidaka, safu za vishubaka vya kuwekea vyombo, vilivyopambwa kwa chokaa. Nyuma ya nyumba palikuwa na gofu, nyumba ya jirani iliyoanguka zamani. Na katika gofu hilo mjane alipanda asumini, ndimu, mpapai mmoja na mboga kidogo. Hiyo ndiyo bustani ninayoisimulia.

Maji ya mji wa Lamu hutoka katika visima vya mchanga wa Shela, na kuna siku hayafiki bombani. Mjane alikuwa amechoka kubeba ndoo. Aliazimia kujenga katika bustani msingi wa zege wenye kimo cha mtu, ushikamane na ukuta wa nyumba, na juu yake aweke tangi la lita 5,000. Kando yake banda la makuti la kupumzikia. Na mbele ya vyote ukuta wa saruji. Aliniita, akasema, “Mwalimu, wewe unajua maneno ya serikali. Niandikie barua.”

Hapo ndipo nilipokosa. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo lililohifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia, na mtu hagusi jiwe humo bila kibali. Mimi nilijua kwamba neno zege huwaamsha wakubwa usingizini. Basi nikaandika “marekebisho madogo ya bustani”. Tangi nililiita chombo cha maji, banda nililiita kivuli, na ukuta niliuita ua. Hapakuwa na neno moja la uongo katika barua ile, lakini barua nzima ilikuwa uongo. Nilijiona mwerevu sana, nikaisoma mara mbili kwa sauti.

Baada ya muda alikuja kijana mmoja mwenye futi, kamba na vigingi vinne. Hakukaripia mtu. Alinisalimu kwa heshima, akaifungua barua yangu juu ya goti, akauliza, “Mwalimu, kivuli hiki kina nguzo ngapi?” Nikamwambia nne. “Na chombo hiki, kikijaa, kina uzito gani?” Nikanyamaza. Akajibu mwenyewe kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, basi chombo changu kilikuwa na uzito wa tani tano, na tani hizo zingekaa juu ya zege lililoegemea ukuta uliojengwa na watu ambao hawakuijua saruji. Nilikuwa nafundisha hesabu, msomaji, na aibu niliyoipata siku ile sijaisahau.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo nililipita kila asubuhi bila kuliona. Upande mmoja wa ukuta wa bustani mpangaji wa zamani alikuwa ameziba nyufa kwa saruji. Kandokando ya viraka vyake jiwe la tumbawe lilikuwa limelika, na ulipoligusa lilimwagika kama unga. Ukuta wa tumbawe hunywa unyevu wa ardhi pamoja na chumvi ya bahari, na plasta ya chokaa huacha unyevu huo utoke polepole. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, nayo chumvi huganda ndani ya jiwe na kulipasua. Kwa hiyo aliyeziba alikuwa akibomoa. Alitung'olea pia mche wa mwarobaini uliokuwa umeota katika ufa, haujafika urefu wa kidole, mzizi wake umekwisha kuingia ndani kiasi cha shibiri. Kuhusu banda la makuti alinyosha mkono tu kuonyesha madirisha ya majirani watatu, yote karibu kiasi cha kupitishiana kijiko. Makuti yakishika moto katika vichochoro kama vile, gari la kuuzima lipite wapi?

Alipopiga kigingi cha nne katika pembe ya bustani, kiligonga kitu kigumu. Tulifukua kwa jembe na mikono, tukakuta ukingo uliopakwa chokaa laini kama yai. Lilikuwa birika la zamani la kuhifadhia maji, limejaa udongo na vigae. Mjane alikaa chini. Akasema kwamba mama mkwe wake alikuwa akisimulia habari za birika lililokuwa na vijisamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, naye siku zote alidhani ni birika la nyumba nyingine.

Ikanibidi kuandika barua ya pili. Safari hii kila kitu kilikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na kipimo. Zege lilikataliwa, na banda likakataliwa. Alikubaliwa kulizibua birika na kulipaka chokaa, kuweka tangi dogo la plastiki chini, mbali na ukuta, na kusimamisha boriti nne za kutambaza asumini. Usidhani kwamba kila mtu alifurahi. Kazi ya chokaa ilimgharimu kuliko saruji, kwa maana mafundi wake ni wachache na chokaa haipendi haraka. Siku aliyowalipa alisimama katika bustani, akaniambia, “Uzuri wa nyumba hii wanautazama wageni, na ndoo naibeba mimi.” Sikuwa na jibu, wala leo sinalo lote. Nadhani mtu aombwaye kutunza kitu kwa ajili ya dunia nzima ana haki ya kuiuliza dunia itamsaidiaje, na swali hilo halijibiwi na muhuri.

Lakini jambo moja lilinikaa moyoni. Nilikuwa nikidhani kwamba nyumba ya kihistoria ni kuta zake, na kwamba bustani ni mahali pa mwenyewe kufanya apendavyo. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kulinda jengo pamoja na ardhi iliyo kando yake, kwa kuwa jengo huweza kuuawa bila kuguswa. Huko Unguja, Mji Mkongwe nao uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Humo mna jumba la pwani liitwalo Mambo Msiige. Katika miaka ya 2010 hoteli ilijengwa katika uwanja ulio kando ya jumba hilo, na Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wa jengo lile jipya. Jumba lenyewe halikubomolewa. Uwanja ndio uliokwenda, na aliyezoea kulitazama jumba akiwa amesimama uwanjani sasa hana pa kusimama.

Mwaka 2022 nilirudi Malakisi kwa likizo. Kaka yangu alikuwa amekwisha kununua kokoto. Alikusudia kujenga vyumba sita vya kupangisha katika ua wetu, kati ya nyumba ya babu na barabara, mbele kabisa ya baraza ile, na kuukata mti wa lusiola uliopandwa na babu. Nilimwuliza kama amepata ruhusa. Akaniambia, “Mdogo wangu, nani atakayenikataza? Hapa si Lamu.”

Alisema kweli, au karibu na kweli. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 humtaka kila mjenzi aombe kibali cha kaunti, hata Malakisi, nami nilimkumbusha. Lakini kibali hicho huhusu mipaka ya kiwanja, barabara na maji machafu. Hakuna karatasi inayouliza ni nani aliyesimama barazani mwaka 1948, na alichokiona kutoka hapo. Nyumba yetu haimo katika gazeti la serikali, wala sitazamii imo kesho. Na kaka hakuwa mtu mbaya: alikuwa na watoto wawili sekondari, na kodi ya vyumba sita ilikuwa karo yao.

Sikutoa hotuba. Nilitafuta kamba, nikachonga vigingi, nikamwomba tupime vyumba vyake ardhini kabla ya kuchimba msingi. Tulipomaliza tuliingia barazani, tukaketi juu ya benchi la bibi. Kaka alitazama mbele kwa muda mrefu. Ukuta wa vyumba vyake ungekuwa hatua nne kutoka magotini mwetu. Barabara isingeonekana, wala upepo wa jioni usingefika. Akasema, “Sikujua ni karibu hivi.” Hata hivyo hakusema kwamba ataacha, maana kokoto alikuwa amekwisha kuzilipia.

Tukachora upya. Vyumba vinne nyuma ya lusiola, badala ya sita mbele yake. Yaani kodi ya vyumba viwili ipotee kila mwezi, na nusu ya hasara hiyo niibebe mimi katika mshahara wangu. Tulikubaliana jambo hilo kwa shida, baada ya maneno ambayo si ya kuandikwa katika kitabu chako. Kabla ya kwenda kwa watu wa kaunti, kaka aliuliza mchoro ule uonyeshwe kwa nani kwanza. Tukampelekea mama.

Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaukunja, akautia chini ya mto wake, asiseme neno. Ulikaa huko siku tatu. Siku ya nne alfajiri tulimkuta nje na fimbo yake, anatembea kati ya vigingi. Aliamuru viwili vya upande wa barabara visogezwe nyuma hatua tisa zaidi, ili mtu aliyeketi barazani amwone apitaye njiani na kumwamkia. Kisha akatutazama sote wawili, akauliza choo cha wapangaji kitakuwa wapi, kwa kuwa hatukukichora.