Matiliku: Mbaazi, Kizazi na Suluhu ya Nyumba Moja

Msafiri wa Mombasa atakaye kufika Matiliku kwa reli hapandi treni ya haraka iendayo Nairobi moja kwa moja. Hupanda ile ya asubuhi isimamayo vituoni, ikampitisha Mariakani, Voi, Mtito Andei na Kibwezi, naye akashuka Emali jua likikaribia utosini. Ndivyo tulivyosafiri sisi, na pamoja nasi mama watoto wetu, kijana mmoja wa mtaani kwetu, mkewe, na mama mzazi wa kijana huyo. Wenyewe wametupa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti la kuwasitiri majina, na sharti hilo tumelikubali.

Emali ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Wakamba wa Makueni, upande wa pili Wamaasai wa Kajiado, na katikati yao ni mbuzi, ng'ombe na malori ya barabara kuu. Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kama alivyoruhusiwa msafiri, kisha tukapanda matatu ya barabara iendayo Ukia. Nchi ile ina ukavu wake na uzuri wake. Mito ni mchanga mtupu, lakini mwenye kuijua huchimba kidogo akapata maji, na Wakamba wamejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito hiyo ili mchanga ujae nyuma yake na kuyahifadhi maji chini, mbali na jua. Miembe na michungwa imepandwa mabondeni, na mlima Nzaui umesimama juu ya yote hayo. Baina ya shamba na shamba, kila tulipotazama, ilikuwa ni mbaazi.

Sababu ya safari yetu haikuwa kutazama milima. Vijana hawa wamekaa katika ndoa miaka sita bila mtoto. Binti ni mzaliwa wa Matiliku, aliyekuja Mombasa kutafuta kazi, akasilimu kwa hiari yake kabla ya kuposwa. Mwaka wa nne wa ndoa alipigwa picha ya ultrasaundi akaambiwa mambo mawili: kwamba ovari zake zina vifuko vingi vidogo na homoni zake hazikukaa sawa, hali ambayo madaktari huiita PCOS, na kwamba ndani ya mji wa mimba mna uvimbe wa fibroidi. Tangu siku hiyo hakupumua. Mama mkwe, ambaye si mtu mbaya bali ni mama anayetamani mjukuu, alimwambia mwanawe achague: aache au aongeze wa pili. Sheria yetu, ndoa ikiyumba, imeagiza msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Sisi tuliombwa kuwa wa mume. Wa mke alikuwa mjomba wake, mwalimu mstaafu, naye yuko Matiliku. Tukaona ni adabu mgeni amfuate mwenyeji.

Matiliku ni mji mdogo: maduka, soko, shule, hospitali ya serikali, na vijiji vilivyotawanyika vilimani. Boma la mjomba lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tulipofika hatukuulizwa neno mpaka tumekula, na chakula chenyewe ndicho kilichofungua mazungumzo.

Tuliandaliwa muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi maganda yakatoka, yakapikwa pamoja na mbaazi mbichi ambazo Wakamba huziita nzuu. Kando palikuwa na sahani ya isyo, mahindi na maharagwe, hayo hayakukobolewa. Palikuwa na mboga za majani, machungwa yaliyokatwa vipande, na kuku aliyechinjwa na kijana wetu mwenyewe ili tule bila shaka. Mama mkwe alionja mbaazi akasema, kwa mshangao wa kweli, kwamba ni zile zile tunazokula kwa mahamri asubuhi. Mjomba akacheka akamjibu, "Mama, nyingi mnazokula zinatoka huku. Ninyi mnazitia nazi, kisha mnazisindikiza na unga na sukari."

Utani huo ulikuwa na dawa ndani yake, na aliyeitoa ni shangazi wa binti, muuguzi aliyestaafu baada ya kuhudumu miaka mingi kwenye kliniki za wajawazito. Alitwambia, "Sheikh, nisamehe, mimi ni Mkristo na wewe ni mgeni wetu, lakini mtoto huyu ni wetu sote, kwa hiyo nitasema bila kuficha." Tukamwambia aseme.

Alieleza kwamba katika hali hii ya ovari, mwili wa wanawake wengi huwa mgumu kuitikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya chembe za mwili. Kongosho hutoa insulini nyingi zaidi kufidia, na wingi huo huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, yai likakosa kupevuka kwa wakati wake. Ndiyo sababu hedhi hukawia miezi, na nywele zikaota kidevuni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wenye nayo hawajijui. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua sehemu 5 hadi 10 katika 100 za uzito wake huweza kuurudisha mzunguko wa hedhi.

Hapo mama mkwe akauliza swali ambalo wengi wenu mngeliuliza: ni chakula gani basi kinachofungua kizazi?

Hakuna, alisema shangazi. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari kuhusu hali hii, uliotolewa mwaka 2023, haukuteua mlo mmoja ukaupa ushindi juu ya mingine. Linalofaa ni mlo wenye afya ambao mtu ataweza kudumu nao. Mbaazi, kunde, ndengu na mahindi yasiyokobolewa husagika polepole tumboni, sukari ikaingia damuni kwa utaratibu. Mahamri matatu na chai iliyokolea sukari huingia kwa kishindo. Hata muthokoi, alisema bila kukipendelea chakula cha kwao, umevuliwa ganda lake lenye manufaa, na isyo ni bora kuliko huo. Tulimpenda kwa uadilifu huo. Si wengi wawezao kukikosoa chakula cha mama yao mbele ya wageni.

Akaongeza mawili ambayo yatawafaa hata wasio na tatizo hili. La kwanza ni damu. Mwenye fibroidi aghalabu hutokwa na hedhi nyingi, akapungukiwa madini ya chuma, akahisi kizunguzungu, na wengine huanza kutafuna mawe ya odowa yauzwayo sokoni. Mbaazi na mboga zina chuma, lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia kisifyonzwe, ilhali chungwa hukisaidia. Basi chungwa liliwe na chakula, na chai ingoje saa moja au zaidi. La pili ni asidi ya foliki, ambayo humlinda mtoto na kasoro za uti wa mgongo katika wiki za mwanzo, kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imelazimisha unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, utiwe virutubisho, foliki ikiwamo. Unga wa kusaga kinuni au kwenye posho mill haumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mke anayetafuta mimba ameze tembe ya mikrogramu 400 kila siku, awe anakaa Matiliku au Majengo.

Mjomba naye akatahadharisha juu ya kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha asili. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Hayo yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tangu hapo, alisema, hakuna gunia linaloingia ghalani kwake kabla ya kukauka sawasawa.

Kuhusu uvimbe, shangazi alikuwa mkali. Binti alikuwa amemaliza miezi minane akinywa mchanganyiko wa majani aliouziwa mjini kwa madai kwamba huyeyusha fibroidi. Hakuna chakula wala jani lililothibitishwa kuuyeyusha. La kuuliza ni uvimbe umekaa wapi. Ulio nje ya ukuta wa kizazi mara nyingi hauzuii mimba, na uliochomoza ndani ya tundu la kizazi waweza kuizuia, nao hutolewa kwa upasuaji. Na kwa yai lisilopevuka iko dawa ya letrozoli, ambayo ndiyo ya kwanza kupewa, chini ya uangalizi wa daktari. Miezi minane ya majani ilikuwa miezi minane iliyoibwa katika umri wake.

Nyanya wa binti, ambaye hakuwa amesema neno, aliomba kuzungumza, na mjomba akatufasiria. Zamani, alisema, mwanamke wa Kikamba asiyejaliwa mtoto hakufukuzwa. Aliweza kutoa mahari kwa mali yake akamwoa msichana, aitwaye iweto, na watoto wa msichana huyo wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari, wakamrithi. Dini yetu hairuhusu ndoa ya namna hiyo wala nasaba iliyopatikana kwa njia hiyo, na tulimweleza hivyo kwa heshima. Lakini tulibaki kufikiri juu ya jambo alilokusudia bikizee yule, kwamba hata watu wa kale, wasio na kitabu, walimtafutia mwanamke huyo mahali pa kukaa ndani ya boma. Hawakumtupa barabarani.

Ndipo shangazi akamgeukia kijana wetu. "Na wewe, baba, umepimwa?"

Kukawa kimya. Miaka sita, picha za ultrasaundi tatu, majani ya kila rangi, mizani ya kupima uzito chumbani, na mume hajawahi kupeleka manii yake maabara. Mama yake alisema hapana haja, kwa kuwa kizazi chao wote wanazaa. Tuliona wajibu wetu kusema hapo, kwa kuwa sisi ndio tulikuwa msuluhishi wa upande wake. Tulimkumbusha Nabii Zakariya, alayhi salaam, alivyomwomba Mola wake kwa sauti ya siri: alianza kwa udhaifu wake mwenyewe, mifupa yake na mvi zake, kabla hajautaja utasa wa mkewe. Mtume wa Mwenyezi Mungu ameenda hivyo, sisi ni nani tuanzie kwa mke? Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, ametuamrisha kutafuta tiba. Kipimo hiki ni rahisi kuliko vyote alivyopitia binti huyu.

Mama mkwe akauliza kama hata yale ya kutunga mimba nje ya mwili yanafaa, kwani amesikia yanafanyika Nairobi. Tulimjibu kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliruhusu pale inapohitajika, madhali yai ni la mke na mbegu ni ya mume, ndoa ikiwa bado imesimama, na mimba ikawekwa kwa mke huyo huyo. Mtu wa tatu akiingia kwa njia yoyote, ni haramu. Gharama yake ni kubwa, nasi hatukuificha, lakini safari yao haijafika huko.

Sisi na mjomba tuliandika suluhu usiku ule kwa taa ya sola, mistari michache. Kwamba neno la talaka na la mke wa pili lisisemwe nyumbani mwao kwa mwaka mmoja. Kwamba mume apimwe ndani ya mwezi. Kwamba majani yasimame, daktari wa magonjwa ya wanawake aulizwe uvimbe umekaa wapi, na dawa ifuate agizo lake. Kwamba mlo wa nyumba nzima ubadilike, si wa binti peke yake akila kunde kando huku wengine wakila biriani mbele yake. Sharti hilo la mwisho alilitia mama watoto wetu, na ndilo lililopingwa zaidi.

Asubuhi tulifungiwa debe la mbaazi kavu na mfuko wa machungwa, tukarudi Emali kupanda treni ya kushuka pwani. Kijana alipimwa kabla mwezi haujaisha. Majibu yake hatuyaandiki, kama ambavyo majibu ya mkewe hayakustahili kusimuliwa mtaani. Tunalolijua ni kwamba hivi sasa wanahudhuria kliniki wote wawili, kwa kadi mbili, na kwamba debe lile lilipoisha aliyempigia simu mjomba kuagiza jingine alikuwa mama mkwe.