Nilimbishia Mama wa Kasesya kwa Sababu ya Sifuri

Leo nina kisa cha kujiaibisha, lakini acha nikiseme.

Wasomaji wangu mnajua nakusanya bei za mahindi Rukwa: Sumbawanga mjini, Laela, Matai, mpaka Kasesya, pale unapovuka kwenda Mbala, Zambia. Naziweka kwenye kanzidata ya MySQL. Nina na fanksheni ndogo ya PHP: unaipa jina la soko, inakurudishia wastani wa bei.

Nikaiuliza Kasesya. Ikajibu. Nikaandika makala kwamba bei ya mpakani na ya mjini ni moja, kwa hiyo wakulima hawapunjwi. Nikampigia simu mama mmoja wa Kasesya anayeuza mahindi.

"Mwanangu, mjini na huku wapi na wapi? Huku tunauza kwa shida, tena lumbesa."

Mimi msomi nikambishia. "Mama, takwimu zinaonyesha..." Akaguna tu.

Guno lile likaninyima usingizi, na mhariri alikuwa anaisubiri makala asubuhi. Nikaiuliza fanksheni Laela. Bei ile ile. Matai. Ile ile, hadi senti! Nikaipa soko lisilokuwepo: "Ugali". Ikajibu bei ile ile. Jasho likanitoka.

Nikaacha kubahatisha, nikaiamuru programu inichapishie swali lenyewe kabla ya kulituma. Nikakuta: soko = 0. Kasesya imekuwa sifuri!

Kumbe nilinakili fanksheni yangu ya zamani iliyotafuta kwa namba, nikasahau mle amri ya kugeuza kila kinachoingia kuwa namba kamili. Neno lisiloanza na tarakimu, PHP inaligeuza 0. Utasema, basi si ningepata jibu tupu? Wapi! MySQL ikilinganisha neno na namba, nayo hugeuza neno kuwa namba. Masoko yote yakawa 0, na 0 ni sawa na 0. Nikapewa wastani wa masoko yote, bila kosa lolote kuonyeshwa. Onyo lipo, lakini mpaka uliombe.

PHP 8 ya mwaka 2020 iliacha kuhesabu neno la kawaida kuwa sawa na 0. MySQL bado. Dawa yangu ilikuwa kufuta ile amri na kulituma jina la soko kama neno, kupitia swali lililoandaliwa mapema na kuachiwa nafasi yake. Sasa "Ugali" hairudishi kitu.

Na Kasesya? Ikatoa bei yake, chini ya ile ya mjini. Vile vile alivyosema mama.

Asubuhi nikamwomba mhariri muda, kisha nikampigia mama kuomba radhi. Akacheka sana. "Hiyo mashine yako imewahi kubeba gunia?"

Sikuwa na jibu. Makala naiandika upya, safari hii nikianza na yeye.

Na wewe mwenzangu mwenye fanksheni unayoiamini, umeshaiuliza "Ugali"?